Utepe wa Dhahabu Kathonzweni

Kwa miaka tisa kazi ya Syombua ilikuwa kukataza watu, na aliifanya vizuri hata waliokatazwa wakamshukuru. Alisimama kwenye mlango wa kioo, juu kabisa ya meli kubwa ya watalii, sare imenyooshwa kwa pasi, nywele zimebanwa, tabasamu liko tayari. Nyuma yake kulikuwa na bwawa la kuogelea lisilo na kelele za watoto, viti vya kulalia vyenye mito, na chakula ambacho hakikupangiwa foleni. Mbele yake kulikuwa na meli nzima iliyobaki, imejaa watu waliolipa nauli yao halali, na haikupita siku bila mmoja wao kupotea njia akatokea pale na kaptula na malapa. Mwenye kadi ya dhahabu aliingia. Mwenye kadi ya buluu aliambiwa, "Samahani sana, mgeni wetu mpendwa, sehemu hii ni ya wageni wa dhahabu pekee," kwa sauti laini, huku mkono ukimwonyesha ngazi za kushukia.

Aliporudi nyumbani Kathonzweni kwa likizo ndefu, mama yake, Kalekye, alimwuliza habari za kazi, naye akaeleza. Kalekye alisikiliza huku akichambua maharagwe.

"Kwa hivyo hao wa dhahabu wanafika mapema?"

"Hapana, mwaitu. Wanafika pamoja na wengine. Ni meli moja."

"Na ikizama?"

"Ikizama ni wote."

"Basi," Kalekye akasema, akaendelea na maharagwe yake.

Syombua alicheka, lakini lilikuwepo jambo ambalo hakumwambia mama yake. Safari moja alipanda bwana mmoja mwenye kadi ya dhahabu, na mama yake mzazi mwenye kadi ya buluu. Kadi za wote wawili alizinunua yule bwana. Kila asubuhi walikuja pamoja mpaka mlangoni, mwana akaingia, mama akabaki nje amemshikia kofia, na Syombua ndiye aliyekuwa akimwambia yule kikongwe samahani sana. Siku ya mwisho kikongwe alimpa peremende. Syombua aliila usiku huo akilia, na akaapa kwamba ikitokea siku ya kupanga shughuli yake mwenyewe, mama yake hatasimama mlangoni. Mama yake atakaa ndani, kwenye kiti laini, ahudumiwe mpaka ashibe.

Kwa sababu tuseme ukweli, Kalekye hakuwahi kukaa. Sherehe zote za boma lile alizisikia tu. Alikuwa nyuma ya nyumba, jikoni, moshi machoni na mwiko mkononi. Watu walipopiga makofi aliwauliza wenzake wanapigia nini. Syombua alipoagwa kwenda melini, hotuba zilitolewa, pasta akaomba, picha zikapigwa, na katika picha zile zote mama mwenye mtoto hayumo. Yumo mkono wake tu, katika picha moja, unapitisha sinia.

Sasa siku imefika. Mdogo wake Syombua, Mbithe, amepata mchumba, kijana mtulivu wa kule vilimani Mbooni aitwaye Nthiwa, na watu wa Nthiwa wametuma neno kwamba wanaleta mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba ntheo si jambo la kufanyia mzaha. Mnaweza kuvalishana pete mbele ya pasta na kwaya nne, lakini kama mbuzi hao hawajaletwa nyumbani kwa msichana, mmoja akachinjwa na kuliwa na pande zote mbili, wazee watakuuliza mpaka uzeeni huyo mke ni wa nani.

"Niachieni mimi," Syombua akasema. "Nyinyi wote kaeni mtulie."

Akaenda mjini Wote kukodi hema. La kwanza kubwa, la watu wote, na viti vya plastiki. La pili dogo, jeupe, lenye mapazia yaliyofungwa mafundo kama ya bibi arusi, na hilo likawekwa kando, chini kidogo ya barabara, ambako upepo unapita. Ndani yake akaingiza sofa la sebuleni kwa mama yake, lile refu la watu watatu, pamoja na vitambaa vyake vya kufuma. Akaweka na viti vya mbao vya kuazima kanisani, meza zenye vitambaa, na maua ya plastiki. Mbele ya hema akasimamisha vijiti viwili ndani ya makopo ya simenti, akanyoosha kati yake kamba ya mkonge aliyoivisha kipande cha pazia la zambarau. Kwa mbali ungedhani ni mahameli.

Kamba ikahitaji mlinzi. Akateuliwa binamu yake, Kilonzo, anayekaribisha watu kanisani kila Jumapili. Akapewa tepe za rangi ya dhahabu za kuwafunga mkononi watu wa hema jeupe.

"Bila utepe hakuna kupita," Syombua akamwelekeza. "Hata akiwa nani. Unatabasamu, unamwonyesha ile hema ingine."

"Na akiwa shemasi?"

"Hata akiwa shemasi."

Kilonzo akakubali kwa kichwa, lakini macho yalikuwa yameshaanza kuogopa.

Jikoni nako kulikuwa na wenyewe. Kuanzia alfajiri walikuwa wamefika wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kijiji ambacho leo kinachimba matuta katika shamba la huyu, kesho kinasomba mawe ya bwawa la mchanga, na mtu akiwa na shughuli kinampikia. Hakuna anayelipwa. Unatoa mikono yako kwa wenzako, nawe siku yako ikifika mikono inakuja. Walikuja na kuni, na maji, na masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake. Mkubwa wao alikuwa Mbula, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumchagua na hakuna mtu aliyewahi kufikiri kumwondoa.

Syombua aliwapenda wale akina mama, nao walimpokea kwa heshima zote. Tangu afike wiki iliyopita hawakumwacha aguse kitu. Akiinua mtungi, wanampokonya. "Acha, wewe ni mgeni wetu." Akienda kuketi nao, wanampangusia kiti. Chai yake ilikuja katika kikombe chenye kisahani. Moyoni aliona, kumbe wananiheshimu hivi! Hakujiuliza kwa nini Mbithe, ambaye ndiye mwenye sherehe, yeye anafokewa na kutumwa maji.

"Na sisi tutakaa wapi?" Mbula alimwuliza asubuhi hiyo, akilitazama hema jeupe.

"Ile hema kubwa, anti. Mkimaliza kupika."

"Tukimaliza."

"Lakini mama hapiki leo. Mama atakaa kule mbele, VIP."

Mbula akamtazama Kalekye, Kalekye akatazama moto. "Wewe ndio unajua, mgeni wetu," Mbula akasema.

Wageni kutoka Mbooni walifika jua likiwa limeanza kuuma. Waliimba pale nje, wakajibiwa, wakafunguliwa. Mbuzi waliingia kwanza, maana hao ndio wenye siku. Nyuma yao akaingia mzee Musyimi, baba mkubwa wa Nthiwa na msemaji wa msafara, mtu mwembamba mwenye koti la suti na kofia ya manyoya katika joto lile la Kathonzweni. Halafu wazee wengine, halafu Nthiwa mwenyewe, shati jeupe, uso umeinama kama inavyotakiwa.

Kilonzo akafunga tepe. Alianza na wa Syombua mwenyewe, akafunga za wazee, na wa pasta, na wa shemasi, na wa mke wa shemasi, na wa jirani aliyesema yeye ni kama shemasi. Syombua alimkazia macho kutoka mbali, lakini furaha yake ilikuwa kubwa kuliko hasira. Alikwenda kumchukua mama yake.

Kalekye alikuwa amevalishwa gauni la buluu lililonunuliwa bandari ya mbali na viatu vyenye kisigino kidogo, na juu ya vyote hivyo amejifunga leso yake ya kila siku, kwa sababu hiyo hakukubali kuiacha. Syombua alimshika mkono, akampitisha mbele ya hema kubwa ili watu waone, akafungua kamba ya zambarau kwa mikono yake mwenyewe. Alimfunga mama utepe. Alimketisha kwenye sofa. Akasimama kumtazama kwa furaha.

Halafu akafanya lile kosa.

Melini, mgeni mkuu na mwenyeji hukaa pamoja, mahali pa mbele kabisa. Ndiyo heshima ya juu. Mwenyeji leo ni mama. Mgeni mkuu ni nani, kama si mkwe? Syombua akamshika Nthiwa bega, akamwongoza, akamketisha kwenye sofa lilelile, karibu na Kalekye.

Wazee wakageuza nyuso pembeni.

Sasa, kuna kitu kinachoitwa nthoni. Ni haya, ni heshima, ni umbali, vyote kwa pamoja, na mahali pake pa kwanza ni kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Zamani wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi wokovu umelegeza mambo, wakwe wanasalimiana kanisani na kutumiana ujumbe wa simu. Lakini kukaa kiti kimoja, viwiko vinagusana? Kutafuna nyama mbele yake, akuone meno? Hata mbuzi aliyefungwa pale kwenye mti alikuwa anajua hiyo haiwezekani.

Nthiwa alitazama kiatu chake cha kulia, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akahamia cha kushoto. Kalekye aliivuta leso kutoka mabegani, akaipandisha kichwani, akaishusha mpaka karibu na pua. Alijisogeza pembeni mwa sofa mpaka mkono wa sofa ukalalamika. Nthiwa naye akajisogeza pembeni ya upande wake. Katikati pakabaki nafasi ya mtu wa tatu, ambayo haikumsaidia yeyote.

Na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu kulitaja jambo lile mbele ya wenyewe kungekuwa aibu juu ya aibu.

Syombua hakuona. Alikuwa amevaa glavu nyeupe. Alileta pilau, alileta nyama, alileta chapati zilizokunjwa pembe nne, akaweka mbele ya kila mmoja kwa mkono wa kulia, wa kushoto mgongoni, kama alivyowaona wenzake melini wakifanya.

"Karibuni, karibuni mle."

Wazee waliinua vijiko, wakamtazama mkwe. Mkwe hakuinua. Wakavirudisha. Mwenye siku asipokula, wewe utaanzaje? Ng'ambo ya kamba, kwenye viti vya plastiki, watu walikuwa wanakula kwa makelele, wanaomba nyongeza, wanapokonyana mifupa. Hema la heshima lilikaa na njaa yake, utepe mkononi, chakula kikipoa.

Mzee Musyimi alikohoa. "Mwanangu," akasema, "hii sofa ni refu kweli. Lakini sio refu sana."

"Asante, mzee," Syombua akajibu. "Ni la mbao ya mvule."

Musyimi akakohoa tena. Alikuwa amefanya lililo katika uwezo wake.

Syombua akachutama mbele ya mama yake. "Mwaitu, kula. Leo ni siku yako."

"Nimeshiba," ikasema leso.

"Umeshiba nini na hujala tangu chai?"

"Nimeshiba, mwana wangu. Nenda uangalie wengine."

"Na wewe Nthiwa?"

"Mimi pia nimeshiba," Nthiwa akakiambia kiatu.

Syombua akawaangalia wote wawili. Mama alikuwa mahali palepale alipotaka awe, kiti laini, chakula mbele yake, na hakuwa anakula. Alijiambia ni ugeni tu, mtu hawezi kuzoea raha kwa siku moja. Labda soda baridi itamfungua. Akaenda kwenye kreti, akachagua ile ya rangi ya chungwa anayoipenda mama, akaifuta kwa kitambaa, akarudi.

Sofani alikuwepo Nthiwa peke yake. Alikuwa anakula haraka haraka, mashavu yote mawili, na wazee wote pamoja naye, kijiko juu kijiko chini.

"Mama yuko wapi?"

Hakuna aliyejibu, maana vinywa vilikuwa na kazi. Kilonzo ndiye aliyeonyesha kwa kidevu, nyuma ya nyumba.

Jikoni kwa Kalekye ni kajumba ka mabati kanakojitegemea, mlango mmoja, dirisha dogo, na kitasa kilichovunjika tangu mvua za mwaka juzi. Karibu na mlango Syombua alivikuta viatu vyenye kisigino kidogo, vimepangwa vizuri ukutani. Kutoka ndani zilisikika sauti, kicheko, na katikati ya kicheko hicho sauti ya mama yake, nyepesi, inasimulia kitu. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu aje likizo. Akainua mguu aingie.

Mwiko ukatokea mbele ya kifua chake. Nyuma ya mwiko alikuwa Mbula.

"Wageni hawaingii hapa."

"Anti, ni mimi."

"Nakuona."

"Namtaka mama. Chakula chake kinapoa."

"Mama yako yuko. Amevua utepe, ameingia." Mbula akaelekeza mwiko kwenye mkono wa Syombua. "Wewe uko na utepe. Mwenye utepe ni mgeni, na mgeni anakula kule mbele. Si ndio sheria? Wewe ndio ulituletea."

Syombua akautazama mwiko. Miaka tisa alikuwa amesimama mlangoni, na hakuwahi hata mara moja kusimama upande huu. Upande huu ulikuwa tofauti kabisa. Uliwasikia watu wakicheka ndani na hukujua wanacheka nini. Uliona kivuli cha mtu wako na hukuweza kumfikia. Alimkumbuka yule kikongwe na kofia ya mwanawe, na soda mkononi mwake ikawa nzito. Aliona aibu, tena aibu kali, na machozi yakamjia.

"Anti, nilitaka tu akae. Mara moja. Kila siku yeye ni moshi na sufuria. Nilitaka ahudumiwe kama mama za watu."

"Ukamkalisha na mkwe, muthoni wake, kiti kimoja!"

Syombua akashika mdomo. "Ngai!"

Lilimrudia lote kwa mpigo mmoja, viatu vya Nthiwa, leso, kikohozi cha mzee Musyimi. Alikuwa analijua. Amelelewa nalo. Utotoni yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitumwa kuangalia kama mkwe wa nyanya yake amepita ili nyanya atoke nje. Angewezaje kusahau?

"Mbona hakuniambia?" akauliza. "Mama, mbona hukuniambia?"

Ndani Kalekye akajibu kutoka gizani. "Ningesemaje? Ulikuwa umefurahi sana."

Hapo Syombua akalia waziwazi, glavu nyeupe na yote. Akajifuta kwa glavu, wanja ukahamia kwenye glavu.

"Sawa," akasema. "Nimeelewa. Mimi huku si kwangu tena. Hata kwa kikundi chenu simo. Mimi sijashika jembe na nyinyi, sijabeba jiwe hata moja. Nitakaa na wageni tu."

"Nani amekuambia humo?" Mbula akauliza.

"Si najua? Nilienda."

"Wewe ulienda. Nafasi yako haikuenda." Mbula akaushusha mwiko. "Unafikiria kila tukichimba matuta nani alikuwa anachimba kipande chako? Mwaitu wako. Akimaliza chake anasema, sasa niachieni cha Syombua. Tunamwambia, wewe mama, huyo mtoto yuko baharini, huyo ameshakuwa Mzungu. Anasema, mtoto wangu atarudi, na akirudi sitaki akute amefutwa."

"Mbula, nyamaza," Kalekye akasema ndani.

"Sinyamazi! Mawe ya bwawa alibeba mara mbili. Kwa matanga ya bwana yangu alileta kuni mzigo mbili, moja akaiweka pale akasema hii ni ya Syombua. Mpaka mimi nikashukuru Syombua, na Syombua hayuko. Miaka yote hiyo. Na wewe unakuja hapa kuniambia humo!"

Syombua akazitazama glavu zake. Kila mwezi alikuwa ametuma pesa na kuandika, mama, usijichoshe. Na mama alikuwa akijibu, sijichoshi, mwana wangu, napumzika tu. Kumbe alikuwa shambani kwa watu, jua la saa nane, anachimbia nafasi ya mtu asiyekuwepo. Yeye huku alipanga kumtafutia mama yake kiti cha alasiri moja. Mama alikuwa amemshikia chake miaka tisa.

Akaanza kuufungua utepe. Fundo lilikuwa la Kilonzo, halikutaka. Akauvuta kwa meno.

Mbula akaupokea, akautazama, akaona unafaa. Akaupitisha kwenye tundu la kitasa kilichovunjika, akautia kitanzi kwenye msumari wa mwimo, na mlango wa jikoni ukashikika nusu wazi kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka juzi. Utepe mwingine, ule wa Kalekye, ulikuwa tayari umefunga fungu la dhania.

"Haya, pita chini, ingia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe umekaa wiki nzima unakunywa chai kwa kisahani. Vua hizo soksi za mikono. Jumanne tuko kwangu, uje na jembe lako, sio la mama yako. Hii sufuria nani ataosha, mimi?"

Syombua hakuwahi kufokewa kwa raha namna ile. Akajifunga leso ya mtu, akachota jivu, akakwangua sufuria mpaka mabega yakawaka. Mwanamke mmoja akamwambia anakwangua kama anapapasa mtoto. Mwingine akamtuma maji. Akaenda mbio.

Aliporudi alimwona mama yake akiwa amesimama kando ya moto, anafikia mwiko.

"Mwaitu, keti."

"Nigeuze tu kidogo, isishike."

"Keti."

Kulikuwa na kigoda pembeni, kile cha miguu mitatu, kimeng'aa kwa kukaliwa. Kalekye akaketi, peku, gauni la bandarini limekunjwa magotini. Syombua akaosha mikono. Hakuchukua pilau. Akachota muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kuondoa maganda na kupikwa na maharagwe, kama mama anavyoyapenda, mazito, na juu yake vipande vitatu vya nyama laini na supu. Akampa kwa mikono miwili. Kalekye akatazama mlangoni, akatazama dirishani. Hakukuwa na mkwe, hakukuwa na mzee. Akashusha leso kutoka kichwani, akaanza kula.

Alikuwa na njaa, maskini. Alikula kimya, bila kuinua uso.

Ghafla hatua za kiume zikasikika nje. Mzee Musyimi alikuwa anazunguka nyumba, kofia mkononi, ameshiba, amechangamka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ana haraka.

"Hodi! Wazee wamenituma. Mama wa msichana aje mbele, tumalize maneno, tuna safari ya kupanda vilima."

Kijiko cha Kalekye kilisimama hewani. Akaanza kuinuka.

Lakini Syombua alikuwa ameshafika mlangoni. Masizi yalimjaa mpaka kwenye viwiko, leso ya watu imemkaa upande, na hata hivyo mgongo ulinyooka wenyewe, mikono ikakutana mbele yenyewe, na tabasamu la miaka tisa likaja mahali pake. Alisimama nyuma ya utepe wa dhahabu.

"Samahani sana, mgeni wetu mpendwa," akasema kwa sauti laini. "Sehemu hii ni ya wanachama pekee."

Musyimi akapepesa macho. Akainua mkono wake. "Lakini mimi niko na utepe!"

"Huo ni wa kule mbele, mzee." Na mkono wake ukamwonyesha njia, taratibu, kama unavyoonyesha ngazi.

Ndani wanawake walikuwa wameziba midomo kwa leso, mabega yanatikisika. Mbula alikuwa amejificha nyuma ya sufuria kubwa.

"Na nikawaambie wazee nini?"

"Waambie mama anakula. Akimaliza atakuja, na atakaa kiti chake mwenyewe, mbali na sofa."

Musyimi alifikiri kidogo. Uso wake ukalegea, ukaonyesha kitu kinachofanana na kushukuru. Akavaa kofia, akasema hakuna haraka, vilima havihami, akarudi alikotoka.

Syombua hakuondoka mlangoni. Huko mbele Kilonzo alikuwa amechoka kukataza watu, ameikunja kamba ya zambarau na kuikalia, na watoto walikuwa wanaruka juu ya sofa la mvule. Aliona, akaacha. Nyuma yake alisikia kijiko kikigonga kitako cha bakuli.

"Syombua," mama yake akaita.

"Naam, mwaitu."

"Ongeza."